Nyama ya Moshi ya Kupang

Matrah, 8 Machi 1965

Ndugu yangu Marhoon,

Asalaam alaykum. Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua. Wewe hujambo huko Timor? Mwaka umepita tangu tutoke Unguja, sisi tukaja huku Omani, wewe ukapanda meli ya mizigo. Mama kila siku aniuliza, "Marhoon anakuja lini?" Nimjibu nini?

Dadaako,
Mahbuba

Kupang, 20 Agosti 1965

Dada Mahbuba,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi, nafanya kazi bandarini. Mpe Mama pole ya magoti. Mwambie huku kuna nyama iitwayo se'i. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande virefu kama mikanda, ikatiwa chumvi, ikawekwa juu ya makaa ya mti wa kesambi na kufunikwa kwa majani yake, moshi usitoke. Yaiva taratibu mpaka yawa nyekundu. Jirani yangu mmoja ni hodari wa kuipika. Jaribuni, Mama ataipenda.

Mdogo wako,
Marhoon

Matrah, 2 Februari 1966

Marhoon,

Asalaam alaykum. Uzima upo, twashukuru. Barua yako nimemsomea Mama mara tatu, akiitafuta siku ya kuja kwako. Hamna. Mna nyama tu!

Nimejaribu. Kesambi huku haujulikani, nikatumia kuni za mkunazi. Majani yake madogo, yote yakaangukia motoni. Nyama nje nyeusi, ndani mbichi, na Bi Nasriya wa nyumba ya pili kanifokea kuwa nguo alizoanika zanuka moshi. Mama hakuonja. "Sikumtuma anifundishe kupika," kasema.

Unakuja lini?

Dadaako,
Mahbuba

Kupang, 11 Januari 1967

Dada Mahbuba,

Asalaam alaykum. Nisamehe kwa kukawia. Magoti ya Mama yaendeleaje? Nyama uliiweka karibu mno na makaa. Nimempa baharia wa kwetu, Bakhit, kopo la se'i iliyokaushwa sana, akutafuteni Matrah.

Mdogo wako,
Marhoon

Matrah, 30 Juni 1967

Marhoon,

Asalaam alaykum. Mama hajambo kidogo. Bakhit kafika. Mama kaonja kipande, akala na cha pili, halafu akamuuliza, "Nani kaipika?"

Yule maskini hakujua kuwa ni siri. "Mkewe, Bi. Alinisindikiza bandarini na mtoto mgongoni."

Mama akaliweka kopo chini. Miaka miwili waniandikia makaa na majani! Mimi ndiye nnayekaa naye, mimi ndiye nnayemwambia "mwakani, mwakani." Umenifanya mwongo mbele ya mamaangu.

Mahbuba

Kupang, 4 Novemba 1967

Dada Mahbuba,

Asalaam alaykum. Una haki ya kukasirika. Yule jirani ndiye mke wangu. Karatasi zangu za kusafiria ni za Unguja ya zamani, hazinifikishi popote, na nikitoka hapa sijui kama nitaruhusiwa kurudi kwake na kwa mtoto. Kila nilipotaka kuandika "siji," nilijikuta naandika habari za nyama.

Marhoon

Matrah, 19 Septemba 1970

Ndugu yangu Marhoon,

Asalaam alaykum. Zaidi ya miaka mitatu sikukuandikia. Nilikuwa na hasira, na bado nnazo.

Mwaka huu, tangu Sultani mpya ashike nchi, watu wameanza kurudi kutoka nje. Mama akawa anakaa mlangoni tangu asubuhi, amtazama kila apitaye na mzigo. Juzi nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, ingia ndani. Marhoon haji."

Akasema, "Kuwa ana mke nilijua siku ile ile. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie kuwa haji."

Nikalia mimi, si yeye. Kisha akaniambia nikuandikie: ataka kuwaombea dua mkeo na mwanao, na hajui awaite nani.

Basi safari hii usiniandikie kitu chengine chochote. Andika majina yao.

Dadaako,
Mahbuba