Mzee Hakwenda Kumchukua Magesa

Kwa Mama yangu mpenzi, Nyasura, Bunda.

Mama, shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka na nguvu, mguu umepunguza kuuma na mvua imeshafika kwenye mihogo. Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku Ulaya imenipasua midomo. Kinachouma ni moyo. Nyangeta, mdogo wangu, wewe ndiye utakayemsomea Mama. Mkalishe kwanza, na usiruke mstari hata mmoja, hata akikuambia unyamaze.

Barua yako, Nyangeta, niliipata Jumatatu, nikaisomea palepale kwenye ngazi, na koti sijavua. Umeandika kwamba Baba Mdogo Maregesi na wazee walikuja na mgomba ili wamzike kaka yetu Magesa, kama tunavyowazika watu wetu ambao miili yao haikurudi, na Mama akawafukuza na mchi mkononi. Mgomba ukaliwa na mbuzi. Kisa, amemsikia Mzee wa Butiama redioni, kwa sauti yake mwenyewe, akiwaita kwa majina vijana waliokwenda vita vya Uganda, kaka yetu akiwemo, akiwaambia wapande haraka, wanarudi kwa mama zao.

Tena ukaandika kuwa alipanda lori la pamba mpaka Butiama, picha ya Magesa kaifunga kwenye pindo la kanga, kwenda kumuuliza Mzee ni lini. Askari wa getini alimkaribisha chai vizuri, akamwambia, "Mama, Mzee amesafiri." Mama akarudi Nyasura anacheka peke yake. "Si niliwaambia? Mzee hasemagi uongo. Ndiyo kaenda kuwachukua."

Mungu anisamehe, na mimi nilicheka. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba kila siku anamwekea Magesa sahani yake, kwamba sabuni na sukari sasa zimejaa madukani lakini unga wenu ni uleule wa kupimiana, kwamba yeye mwenyewe anashindia uji na kanga siku hizi inamzunguka mara mbili. Hapo nikaikunja barua.

Mama, sauti uliyoisikia ni yangu.

Unakumbuka nilivyokuwa namuiga Mzee nikiwa shule ya msingi, nimesimama juu ya kinu, na Magesa anacheka mpaka anakaa chini? Huku kazini, kwenye redio inayotangaza kwa Kiswahili mpaka huko kwenu, waligundua kipaji hicho, wakaniambia niandike mchezo wa redio. Nikatunga. Katika mchezo huo Mzee ameshang'atuka, yuko shambani kwake Butiama anapalilia, wanatokea wageni kutoka miaka ambayo bado haijafika. Wana mashine inayonguruma kama ya kusaga unga, na ukiingia ndani yake unarudi siku zilizopita. Wanamwambia: wewe uliongoza vita, tunakupa siku moja ya vita ile, chagua. Anachagua asubuhi moja ya mto Kagera, kabla risasi hazijaanza, na anawaita vijana jina kwa jina. Nilihitaji majina. La kwanza lililonijia ni la kaka yangu, nikaandika Magesa wa Nyasura bila kufikiri nani atasikia.

Mtangazaji alisema mwanzoni kwamba ni mchezo, na mwishoni akarudia. Lakini nakujua unavyosikiliza redio, wewe mwanamke wa kuanika betri juani zipate pumzi. Unafungua dakika chache unisikie, ujue kama mwanao yu hai, unazima. Safari hii ulifungua katikati, na betri zikafa kabla hatujamaliza. Mwisho wake, Mama, Mzee anarudi peke yake. Mashine inakataa kubeba waliokwisha kufa. Anakaa kwenye kigoda chake na hana la kuwaambia akina mama waliojaa uani. Nililia nikiigiza sehemu ile, na fundi mitambo akaniomba nirudie bila kulia.

Laiti ningeweza kuishia hapo, ningekuwa mjinga tu. Kuna kubwa zaidi.

Wiki moja kabla sijaondoka, nikiwa Musoma kufuatilia pasipoti, mtu mmoja anayetembelea fimbo alinishika bega nje ya posta. Alinitambua kwa sura. Alikuwa kikosi kimoja na Magesa. Akaniambia kaka alipigwa na kombora ng'ambo ya mto, hakuteseka muda mrefu, na yeye na wenzake watatu walimfukia kwa mikono yao kabla ya kusonga mbele. "Kamwambie mama yenu," akasema. "Mimi nikifikaga njia panda ya Bunda, miguu inakataa."

Sikukuambia. Niliogopa kwamba nikileta msiba, Baba Mdogo atasema mimi ndiye niliyebaki, nikae niushike mji, na safari yangu ife. Nilikuja nyumbani nikala ugali na sato uliyonipikia. Ukaniuliza, "Huko mjini hawasemagi lolote la wanajeshi?" Nikakujibu hakuna, nikaomba mchuzi zaidi. Miaka yote uliyokaa mlangoni ukiitazama barabara, mimi ndiye niliyekukalisha pale.

Ndiyo maana niliutunga mchezo ule, nadhani. Nilimpa Mzee kazi niliyoikimbia mimi, ya kusimama mbele ya mama mwenye mtoto aliyekufa na kufungua mdomo. Hata yeye nikamwandikia ashindwe. Naona aibu, Mama. Naona aibu mpaka kula kunanishinda.

Na Bhoke, mke wa marehemu (naandika neno hilo kwa mara ya kwanza), anamngoja nani? Yule fundi cherehani wa Manyamanyama anayetaka kumwoa ni Muislamu, ndiyo, na najua hilo halikufurahishi, lakini anangoja kwa adabu mpaka matanga yapite. Usimfunge mtoto wa watu kwa uongo wangu.

Nakuomba umwite Baba Mdogo, akate mgomba mwingine. Mzikeni Magesa karibu na Baba. Mmlilie kwa sauti, majirani waje, Bhoke anyolewe, na mkimaliza awe huru. Msinisubiri. Kibali changu cha huku hakiniruhusu kutoka na kurudi, na hata kingeruhusu sijui ningeuingiaje ua ule.

Nisalimie Baba Mdogo Maregesi, umwambie mchi ule ulikuwa wangu. Nisalimie shemeji Bhoke. Sitaki anijibu chochote. Mjomba wa Rukuba akija na dagaa, asomewe na yeye, asije akasikia nusu nusu kwa wavuvi wa mwaloni. Nyangeta, ukimaliza kusoma kaa karibu na Mama, usimwache aende popote peke yake siku hiyo.

Kasirika, Mama, na ukitaka kunilaani utakuwa na haki. Ila usimuulize tena mtu yeyote kama kuna habari. Habari ndiyo hii, na umeipata kwa aliyekuwa nayo.

Ni mimi, mtoto wa kiume mmoja uliyebaki naye,

Masatu