Gari Lililonyimwa Hewa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekamua ng'ombe. Nimewasha gari kabla ya uji, kama kila siku ya kliniki. Linatetemeka likiwa limesimama. Nikiachia mafuta linataka kuzima. Nikikanyaga, moshi mweusi unafika hadi bandani kwa ng'ombe. Limekuwa hivi tangu Gidamis, kaka wa mke wangu Elizabeti, alirudishe kutoka Basotu. Alilitumia kubebea maji ya wavunaji wa ngano.

Nilimlaza Elizabeti kiti cha nyuma, mguu juu ya mto. Kidonda cha sukari. Zahanati yetu hapa Maretadu ilikwisha kusema kimewazidi. Kisafishwe hospitali, mjini Mbulu. Pikipiki haifai, goti halikunjiki. Basi linapita mbali na kwetu.

Mjini tulikuta ukaguzi wa magari. Mkaguzi alichomeka kifaa kwenye bomba la moshi, akasoma, akatikisa kichwa. Limeshindwa. Aliniruhusu nimfikishe mgonjwa na kumrudisha nyumbani. Baada ya hapo lisionekane barabarani mpaka litengenezwe na kupimwa upya. Aliniamkia vizuri kabla ya yote. Hana kosa. Nimemkasirikia hata hivyo.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Gwandu amekuja kwa pikipiki. Ni kijana wa Bashay, ana gereji mjini.

"Gari inamisi, Mwalimu."

Sikumsahihisha. Kwa lugha yao, maana yake ni kwamba silinda moja haichomi inavyopaswa. Alitoa plagi zote nne. Nyeusi, zimelowa petroli. Akaweka mpya. Injini ilitulia kwa muda wa kunywa chai, kisha ikarudia yale yale. Akafungua chujio la hewa: safi. Akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Jioni bado linatetemeka.

Elizabeti aliuliza mara moja tu kama limepona. Nilimjibu bado.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kusafisha kidonda. Hatukwenda. Nilipiga simu kutafuta gari la kukodi. Yote yako Basotu kwenye mavuno.

Nimekiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kinanuka. Sikumwambia. Anajua.

Jumamosi, 9 Agosti

Gwandu amegundua. Alilifuata bomba la hewa kutoka kwenye chujio hadi mwisho wake, nyuma ya taa ya mbele. Mdomo wa bomba ulikuwa umefungwa shuka, limekunjwa mara mbili na kukazwa kwa kamba ya ngozi. Shuka la Gidamis.

"Mwalimu, gari lako limevaa kilemba."

Nilicheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Nilimpigia Gidamis. "Shemeji, makapi ya ngano yanaua injini," alisema. "Madereva wote wa huku wanafunga."

"Wanafunga kwa shuka?"

"Wanafunga kwa khanga. Mimi sikuwa na khanga. Nikaona shuka ni imara zaidi."

"Na wakitoka shambani?"

"Wanafungua. Nilisahau, shemeji. Dada anaendeleaje?"

Nilikata simu. Alilifunga kwa sababu alitaka kututunzia gari. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Shuka limetolewa, na moshi mweusi umekwisha. Elizabeti ameomba chai ya maziwa. Ameimaliza.

Jumatatu, 11 Agosti

Sasa moshi ni wa bluu. Mtetemo umepungua, haukuisha. Gwandu alileta kipimo cha mgandamizo. Silinda ya tatu imelegea kabisa. Alimimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, akapima tena. Mshale ukapanda.

"Ringi, Mwalimu. Zimekwisha."

Alinieleza. Ni pete za chuma zinazoizunguka pistoni ndani ya silinda. Hewa ilipozibwa, petroli ilizidi. Ile isiyoungua ilishuka ikaosha oili kwenye kuta za silinda. Chuma kikasagana na chuma, katika injini iliyokuwa imezeeka tayari. Kuitengeneza ni kuifungua yote, na vipuri vyake hata Arusha vimeadimika. Nilimuuliza kama linaweza kupita kipimo cha moshi hivi lilivyo. Alianza kukusanya spana zake. Nikaelewa.

Jumatano, 13 Agosti

Elizabeti aliamka na homa. Nilimpakia, nikaendesha. Bila kibali. Miaka yote ya ualimu niliwaambia watoto wa watu kwamba sheria haina siku ya mapumziko. Leo sikuona hata aibu.

Gari liliishiwa nguvu mlimani. Nilikanyaga mpaka mwisho. Moshi wa bluu ukajaa ndani, likazima. Halikuwaka tena.

"Baba Pius," alisema Elizabeti kutoka kiti cha nyuma, "acha kulipiga teke."

Sikuwa nimejua kwamba nalipiga.

Lori la maharage lilitupakia. Kulikuwa na wanawake juu ya magunia, wakamtengenezea mahali. Mmoja aliupakata ule mguu hadi hospitali, bila kuziba pua. Sikumuuliza jina. Vibaya sana.

Daktari anasema kidonda kimeingia ndani. Lazima kisafishwe kila siku. Nilimuuliza kama mguu utapona. Alinijibu kwamba watajaribu. Nimesahihisha insha za kutosha kujua mtu anapokwepa swali.

Jumapili, 17 Agosti

Elizabeti yuko kwa dada yake mjini, karibu na hospitali. Hakuna aliyesema mpaka lini. Mimi siwezi kukaa huko. Ng'ombe hawana mtu.

Gidamis alikuja kutoka Basotu. Alikaa nje kwenye benchi, kofia mkononi, hakula. Nilimwambia aingie ndani, kuna baridi. Akaingia. Hatukuzungumza habari za gari. Bado liko kule mlimani, kando ya barabara. Watu wameanza kulifungua taa.

Baada ya ibada nilimpigia simu Elizabeti. Hajambo kidogo. Analalamika kwamba chai ya dada yake haina maziwa ya maana. Nimemwambia nitamletea ya ng'ombe wetu.

Hakuuliza nitafikaje.