Sauti Uliyoisikia Ukumbini

Binti wa kaka yangu mpendwa,

Sote wazima, baba yako bado anabishana na redio. Ameniambia unaacha hoki ya ndani kwa sababu ya mwanamke aliyekutukana kwenye mashindano ya kimataifa.

Nilikuwepo. Sikujua kwamba umeingia badala ya kipa wa kwanza, na kofia ya kinga ya kipa ilikuficha uso. Bao la tatu lilipoingia nikapayuka, “Litoeni gunia hilo!” Ukumbi ule mdogo, sauti ikakufikia. Ulipovua kofia ukatazama jukwaani, mimi ninayewasuta mawaziri gazetini niligeuka nikamkodolea macho mama aliyeketi pembeni yangu. Ukaamini ni yeye.

Usiache, mwanangu. Jumamosi nakuja mazoezini, unitukane mbele ya wenzako.

Ni mimi, gunia lenyewe,
Shangazi yako