Dawa Tamu ya Mzee

Baba Edith,

Nimewahi gari la Kaisho kumwona mama yangu. Nitarudi jioni.

Ule unga mweupe wa baba yako wa kulainisha choo uko juu ya kabati. Nimeuandika DAWA ili mtu asiutie kwenye chai. Mchana akishakula, mkorogee kijiko cha mfamasia kwenye maji. Kimoja. Vidonge vyake vya mguu vipishane nao kwa saa mbili. Gesi ni kawaida. Akihara, usimpe tena. Tumbo likimkaza au akitapika, mpeleke hospitali.

Jana ulisema dawa tamu si dawa. Ukataka umpe vijiko vitatu na majani machungu ya mubilizi juu yake, eti siku ya nne hajapata choo. Nilikunyang'anya kopo mbele yake na sijutii. Mfamasia alinieleza kuwa ni sukari ambayo mwili hauinyonyi. Inabaki utumboni, inavuta maji, na inataka siku mbili tatu. Mimi wa darasa la saba nilielewa.

Leo asubuhi Mzee Melkiory katoka chooni na mkongojo wake, akasimama mlangoni pa jiko. Miaka kumi na mitano ananiita "mke wa Nolasco". Leo kaniita "mwanangu", akavuta kigoda akakaa.

Ndizi nimeshamenya. ~~Chai iko kwenye chupa.~~ Chai tumeimaliza mimi na baba.

~~Mke wako~~
Binti wa Mzee Melkiory