Kikapu cha Mama Mezani

Dada Koletha,

Hamjambo hapo Ijumbi? Huku Bukoba mvua ya masika inapiga bati la ukumbi wa maonyesho hadi hotuba hazisikiki, sijaona anayelalamika. Kikapu cha Mama kiliwekwa mezani na kibao: USIGUSE. Mama akakijaza kahawa ya kutafuna. Ndugu msimamizi akatishia kukitoa mashindanoni.

"Mwanangu," Mama akamjibu, "wageni wote hawa niwaonyeshe kikapu kitupu?"

Msimamizi akachukua punje mbili. Baada yake ukumbi mzima ulitafuna.

Zawadi imekwenda kwa chungu cha wenzetu wa Nyanga. Mama anawahurumia: hakuna aliyekigusa.

Wakumbatie watoto, na utuandalie kahawa. Mama hataki kupita kwa majirani na kikapu kitupu.

Mdogo wako,
Adela