Neno la Mstari wa Tisa

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Sikukuu, hakuna shule. Wamekuja. Gari jeupe, mlangoni majina mawili: kampuni ya kuuza mbegu na kampuni ya maabara. Makarius, bwana shamba wao, anasema wameungana kufanya utafiti. Wanayataka mahindi ya Bibi Justa kwa sababu hayashikwi na ugonjwa wa milia. Bibi akacheka. Mbegu ile alipewa na mama yake siku anaolewa. Inaning'inia jikoni juu ya moto, nyeusi kwa moshi.

Mkataba kurasa nne, Kiingereza kitupu. Nakala ya Kiswahili eti itafuata. Baba akaniita mbele ya wote.

"Soma, Domina. Kwa masista tulikupeleka kufanya nini?"

Masikio yakapata moto. Nikatafsiri huku nikitazama miguu yangu. Ukurasa wa pili, mstari wa tisa: material yote iwe chini ya kampuni miaka mitano, mkulima asiitumie wala kuigawa bila kibali. Nikasema: vifaa vyote.

Baba akaona ni haki kabisa. Bomba la dawa walilokuja nalo ni lao, bango la kusimika shambani ni lao, kamba za kupimia ni zao. Nani agawe bango la watu? Wakacheka. Bibi akatia dole gumba.

Ukurasa wa tatu sikuusoma. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayeona. Makarius aliangalia saa, wote wakaniangalia mimi — nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

Jumatano, 12 Novemba

Baiolojia. Mwalimu Sixbert kaandika ubaoni: genetic material. Akaona tumelala macho wazi, akaeleza kwa Kiswahili. Kile kilichomo ndani ya mbegu, kinachofanya mahindi yazae mahindi. Saimon akauliza kama si kitambaa cha kushonea. Darasa zima kicheko. Mimi nikakumbuka mstari wa tisa.

Nyumbani nikatoa mkataba kabatini. Ukurasa wa tatu, juu kabisa: material maana yake ni mbegu ya mahindi aliyo nayo mkulima, na chochote kitakachozaliwa nayo.

Mbegu. Siyo bomba. Mbegu!

Ijumaa, 14 Novemba

Sijamwambia mtu. Baba amelifuta vumbi bango lao. Kila anayepita anaambiwa binti yake ndiye aliyesoma mkataba. Jana tukiwa tunakula nilifungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Kila mwaka, Dominika ya kwanza ya Majilio, wanawake wa huku Ruhuwiko wanakuja na mabakuli. Bibi anawapimia mbegu. Hauzi. Na ukisema asante anakasirika, mbegu haishukuriwi, inarudishwa. Mwaka ule panya walipomaliza ya kwetu, ilirudi kutoka kwa majirani, bakuli kwa bakuli.

Nimechukua simu ya mama, nikamwandikia Makarius. Shikamoo. Je, Bibi akigawa mbegu Dominika ya kwanza ya Majilio, ni kosa? Akajibu haraka. Marahaba mdogo wangu, ni kosa, nisaidie kumwambia bibi yako. Nikamwambia nilikosea kutafsiri. Akasema hayo wameshamaliza wakubwa wa kampuni mbili, yeye ni wa kupima majani tu.

Nikafuta meseji zote.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua. Nimemsaidia Bibi kuteremsha mahindi. Anasema mwaka huu na Suzana apate, mume kamkimbia, hana hata punje ya kupanda.

Nikasema, Bibi. Akasema, sema mjukuu wangu.

Nikasema moshi unaniuma macho.

Jumapili, 30 Novemba

Tumetoka misa. Wanawake saba barazani, Suzana mbele na bakuli la bluu. Bibi hajapukuchua hata gunzi moja — gari jeupe hilo. Makarius na mwenzake, na magunia matupu.

Makarius kamwamkia Bibi kwa heshima zote. Kisha akasema mbegu haiwezi kugawiwa, wanaichukua yote wakaitunze wao. Alijuaje siku? Mimi nilimwandikia.

Suzana akamuuliza kama na yeye alipewa na mama yake siku ya ndoa. Wenzake wakacheka. Suzana hakucheka.

Baba hana hata hasira. Anatabasamu! Anawaambia kuna makosa madogo tu, mkataba ni wa vifaa, binti yake alisoma na binti yake hakosei.

"Domina, leta karatasi. Wasomee tena, polepole, wasikie."

Bibi ameyafunika mahindi kwa kanga yake, akaketi mbele yake.

Niko chumbani. Karatasi iko chini ya daftari hili. Naweza kusema vifaa tena. Watu wote pale wataniamini mimi, siyo Makarius. Baba atang'ang'ania magunia akiamini ana haki, na hana. Au niseme mbegu, mbele ya mabakuli yote yale, mbele ya Bibi. Alitia dole gumba kwa sauti yangu.

Baba ameita mara ya pili. Sasa ya tatu. Namsikia Bibi akimwambia asinikaripie, mtoto anatafuta neno.