Muzungu Aliyesema "Sho"

Dada Zaina,

Huku Kabambare tuko wazima, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Jana sokoni Muingereza mumoja alisimama mbele ya mikeka yetu, ile aliyosuka mama, ikiwa bado imeviringishwa. Akainyooshea kidole: "Sho! Sho mi!"

Unajua Wabelgiji wakisema "sho", ni moto. Na huyu, kila akimaliza neno, midomo yake ilikuwa inajikunja kama ya mutu anayepuliza chai. Shangazi Mwamini akanong'ona, "Masikini, iko na baridi. Mvua imemupiga njiani." Akamuletea chai iliyotoka jikoni sasa hivi.

Muzungu akainywa, akaungua ulimi, akainyooshea tena mikeka kidole: "Sho!"

"Ehee, anataka ya moto zaidi!" Shangazi akaleta sombe, mboga ya majani ya muhogo, inayochemka. Muzungu akala, jasho linamutiririka, na mimi naogopa ataondoka bila kununua. Mwisho akainama, akakunjua mukeka mumoja mwenyewe, akagusa macho yake, akasema polepole, "Sho-u."

Kumbe kwao ni kuonyesha! Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Muzungu naye akacheka, akachukua mikeka yote, akaomba sombe tena.

Nimesikia umejifungua. Mungu akupe nguvu, na mutoto akue na sauti ya kutuamsha wote. Siku nikifika mulangoni na kusema "Sho mi!", tafadhali usiniletee chai. Niletee mutoto.

Kaka yako,
Ramazani